Leo Upepo Hakupigwa Pasi

Risala ya wafanyakazi wa Kitengo cha Ufuaji kwa Mgeni Rasmi, Mkurugenzi mpya wa hospitali, siku ya kuzindua mashine mpya ya kunyooshea shuka

Mgeni rasmi, Mama yetu Mkurugenzi, wasaidizi wako ulioongozana nao, Msimamizi wetu, mafundi wa boila mliokubali kulinyamazisha kwa muda ili tusikilizane, na ninyi wenzetu, nusu mkiwa hapa na nusu mkiwa kwenye mabeseni na mapovu hadi viwikoni: shikamooni wakubwa, hamjambo wadogo.

KARIBU, NA POLE KWA JOTO

Mama, karibu huku nyuma. Wageni wengi wa hospitali hii huishia mbele, kwenye bustani na vigae vinavyong'aa. Huku ndiko shuka zinakorudi baada ya kushuhudia kila kitu: aliyezaliwa, aliyetapika, aliyepona akasahau hata kuaga, na yule ambaye hakuamka. Wagonjwa hatuwajui kwa sura. Tunawajua kwa madoa yao, na hatujawahi kumsengenya hata mmoja.

Sakafu imelowa. Tuliikausha asubuhi, ikalowa tena. Zamani, kabla hata Msimamizi wetu hajaota ndevu, alikuja mgeni rasmi mmoja akauliza kwa ukali, "Mbona hapa pana maji?" Mfuaji mmoja akamjibu, "Mheshimiwa, tunafua." Yule mfuaji alihamishiwa chumba cha maiti wiki ileile. Jina la mheshimiwa limetutoka. Jibu hatujalisahau.

Kwako wewe hatuna wasiwasi huo. Kabla hujawa Mkurugenzi ulikuwa daktari wa ubongo, na ulikuwa ukija mwenyewe mlangoni kuulizia magauni ya wagonjwa wako wa utafiti. Ulikuwa ukibisha hodi, ukangoja kuitikiwa. Katika hospitali nzima, wanaobisha hodi kwenye chumba cha kufulia unaweza kuwahesabu kwa vidole na vidole vikabaki. Ndiyo maana tulipoambiwa risala iwe fupi na ya kupendeza, tulikubaliana hivi: ya kupendeza tutajitahidi.

TULIKOTOKA

Kitengo hiki kilianza kwa mabeseni na mawe ya kusugulia. Waliotutangulia walifua kwa mikono mpaka kucha zikawaacha. Baadaye zikaja mashine za kufulia, likaja boila, ikaja na hii mashine ya kunyooshea shuka ambayo leo unaistaafisha. Sisi huiita Mama Mkwe, kwa sababu ukiikaribia kwa pupa inakuunguza, na ukiichelewesha inanuna.

Jambo moja halijabadilika tangu enzi za mabeseni: shuka hukunjwa na watu wawili. Wewe pembe hizi, mwenzio zile. Mnavuta, mnaipiga hewani mara moja kukata mikunjo, mnasogeleana, mnapeana pembe, mnarudi nyuma. Kila mfuaji ana mtu wake wa kukunja naye, tunamwita mwenzi wa shuka. Waume zetu na wake zetu wameshakubali kwamba yapo mambo ambayo mwenzi wa shuka huyajua kabla yao. Kitambaa hakifichi. Ukivuta na upande wa pili hauvuti, unajua kabisa nyumbani kwa mwenzio hakukulalika.

Na desturi yetu ni hii: mwenzio akilegea, unavuta kwa niaba ya wawili, na habari hupeleki popote. Desturi hiyo ndiyo fahari yetu. Ndiyo pia iliyotuponza, kama utakavyosikia.

Tuna kumbukumbu ndefu, Mama, na tunaomba usiione kuwa kinyongo. Tunamkumbuka Babu wa Boila. Alikuwa akiitwa haitiki, akiagizwa hatekelezi. Akapewa onyo la ukaidi, akapewa la pili, akakatwa mapumziko. Alipokuja binti mmoja wa kupima masikio, tena kwa ajili ya watoto wa wodini, akampima na Babu kwa huruma tu, ndipo ilipojulikana kwamba lile boila lilikuwa limemla masikio yote mawili siku nyingi. Hakuwa mkaidi. Alikuwa kiziwi. Hakuna aliyerudi kumwambia samahani, na hata angerudi, Babu asingemsikia.

Tunavikumbuka na viti. Chumba hiki kilikuwa na viti, vigoda vya mbao, kimoja pembeni mwa kila meza. Viliondolewa siku ya ugeni kama huu wa leo, kwa sababu mtu wa itifaki alisema vinaharibu mandhari. Tukaambiwa vitarudi mgeni akiondoka. Mgeni alishaondoka, alishastaafu, na tuliwahi kufua hata shuka aliyolalia alipokuja kutibiwa uzeeni. Viti havijarudi. Tangu hapo ikawa kama sheria: mfuaji hakai.

TULICHOFANIKIWA

Hatukosi ya kujivunia. Shuka za hospitali hii zinanukia jua hata msimu wa mvua, na siri yake hatuitoi. Wodi ya wazazi haijawahi kukosa kanga safi za kuwapokelea watoto. Na yale magauni yako ya utafiti, Mama, ni kazi ya mikono yetu. Ulituambia kwamba ile mashine yako ya kupiga picha ndani ya kichwa ni sumaku kubwa, na nguo yenye kifungo cha chuma haiingii mle. Basi tukang'oa vifungo vyote, tukashona mikanda ya kufunga. Ukasifu. Tulizungumzia sifa ile mpaka Msimamizi akatuzuia.

Aliyeishona ile mikanda ni mwenzetu mmoja, na mafanikio yetu makubwa ni kwamba mwenzetu huyo bado ni mfanyakazi wa hapa. Ni mafanikio ya wiki hii tu. Wiki ijayo hatuna hakika nayo. Ruhusu tukueleze.

LINALOTUUMIZA

Kwa jina tunamwita Upepo. Tulimbandika sisi wenyewe, maana alikuwa akipita, shuka kwenye kamba zinatikisika. Yeye ndiye aliyekuwa mkono wa kwanza kwenye Mama Mkwe. Alikuwa anailisha shuka kwa mkono huu, anaipangusa kwa huu, huku anawasimulia watu kisa cha mumewe fundi redio, ambaye hutengeneza redio za mtaa mzima na ya nyumbani kwake haisemi. Mwenzi wake wa shuka ni Shangazi, yule mama mpana unayemwona pale mbele akijifanya hatutazami.

Ilikuja homa, ikatupitia wote. Tukalala, tukatetemeka, tukarudi kazini. Upepo naye homa ilishuka, akarudi. Lakini kilichorudi kilikuwa nusu yake. Alikuwa akiamka asubuhi mwili ukimwambia kwamba usiku kucha umebeba shuka mbichi. Mwanga wa taa ndefu za dari ulikuwa ukimchoma. Mlio wa mashine ya kukamulia ulikuwa ukimwingia kichwani na kukataa kutoka, hata akiwa kwake na mlango umefungwa. Na lililomtisha zaidi ya yote lilikuwa maneno kumtoroka.

"Shangazi, nipe zile... zile soksi za mito."

Shangazi akasimama na rundo mikononi. "Soksi za mito?"

"Za mito! Mto unavaa, unalalia. Jina limepotea, nipe tu!"

"Foronya, mwanangu?"

"Foronya!"

Tulicheka mpaka tukashikilia meza. Upepo naye alicheka pamoja nasi. Halafu akaketi juu ya rundo la nguo chafu, mfuaji hakai lakini yeye akaketi, machozi yakamtoka. "Neno nimelitamka kila siku tangu naanza kazi hapa," akasema. "Limekwenda wapi?" Kuanzia siku ile sote tunaziita soksi za mito, asiwe peke yake. Mtunza stoo wako akipata agizo la soksi za mito asishangae, zimetokea huku.

Ushauri haukukosekana. Mmoja alimwambia atembee damu izunguke. Mwingine alimwambia anywe chai ya rangi, kali. Msimamizi, na hatumsemi kwa ubaya kwa kuwa yupo hapa na anajua, alimwambia, "Dada, sote tumechoka."

Upepo akamjibu taratibu, maana hata hasira alikuwa akiitumia kwa kipimo: "Uchovu wenu mkilala nao, mnaamka umekwenda zake. Wangu nikilala nao, naukuta umeamka kabla yangu na umeshavaa viatu."

Tena ulikuwa na hila, uchovu ule. Haukuja papo hapo. Upepo angefanya kazi leo, akacheka, akaondoka kwa miguu yake, tukasema amepona. Kesho yake, au keshokutwa, ndipo ulipokuja kudai chake: mwili wote unauma, kichwa kimejaa pamba, kikombe kinamshinda mkononi. Mumewe alikuwa akimlisha kwa kijiko, na pazia limefungwa. Halafu siku zinapita, anainuka, anarudi kazini. Huku kwetu aliyemwona ni yule wa siku ya kuinuka. Yule wa siku ya kuanguka alikuwa akionwa na fundi redio peke yake. Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake.

Ndipo akaingia kwenye utafiti wako. Alituhadithia kwamba siku ya picha alipewa gauni avae, akageuza mkanda, akaukuta mshono wake mwenyewe. Hilo lilimpa moyo. Alisema, "Nimeingia mle kwenye lile pipa linalogonga kama boila letu, nikajisemea, angalau nguo naijua."

Tulimngoja wakati wa chai. Tulikuwa tumesimama, bila shaka.

"Haya tuambie," Shangazi akaanza. "Wamekuta nini humo kichwani?"

"Wamekuta ubongo."

"Mungu mkubwa! Tulikuwa na wasiwasi."

Vicheko vilipotulia, Upepo akatueleza uliyomweleza wewe, na tunayarudia hapa ili ukiona tumekosea utusahihishe. Kwamba ukiwachukua kwa makundi, wagonjwa wa uchovu sugu upande huu na wazima upande ule, picha za kundi hili na lile hazilingani. Zile nyuzi nyeupe zinazopeleka habari kutoka sehemu moja ya ubongo hadi nyingine, kwa wagonjwa zilionekana tofauti mahali mahali. Na kwamba walipokuwa ndani ya mashine wakiambiwa wabane kidude mkononi, wabane, wabane tena, misuli ya mkono ilikuwa bado inao uwezo. Lakini sehemu fulani ya ubongo, ile inayosaidia kupima kazi iliyo mbele na nguvu iliyopo, haikuwaka kwao kama ilivyowaka kwa wazima.

"Kumbe si uvivu," akasema mmoja wetu, ambaye tunamsitiri jina, kwa sababu ndiye aliyekuwa wa kwanza kulitumia neno hilo.

"Mvivu nguvu anazo, hataki kuzitoa," Upepo akasema. "Mimi nataka kuzitoa, na mwenye ufunguo wa stoo hafungui."

Halafu akatuambia na lile jingine, ambalo tulikuheshimu zaidi kwa kulisema. Kwamba bado hamjui kama mabadiliko hayo ndiyo yanayoleta ugonjwa, au ugonjwa ndio unaoyaleta. Na kwamba picha ya mtu mmoja peke yake haiwezi kutumiwa kusema huyu anao na huyu hana.

Shangazi akanuna. "Sasa picha imekusaidia nini?"

"Imenisaidia, Shangazi. Kwa mara ya kwanza nimeambiwa na mtu aliyeangalia."

Hata mwenye kusukuma toroli alisimama.

Sasa tunafika penye mfupa. Kabla hujashika kiti chako, Upepo aliitwa mbele ya jopo la madaktari wa kazi, waamue kama ni mgonjwa au anajiuguza. Na sisi, Mama, kwa mapenzi, tukamharibia. Hakuna watu wengine katika hospitali hii ambao wangeweza kufanya kosa lile isipokuwa wafuaji.

Kwanza tulimpumzisha. Siku zote za kuelekea jopo hatukumruhusu aguse hata kitambaa cha mkono. Tulimwambia, lala, sisi tutavuta. Shangazi alivuta kwa niaba ya wawili mpaka bega likamteguka, na akalificha bega kama alivyolificha jambo lenyewe. Pili, tulisema mwenzetu hawezi kwenda mbele ya wakubwa akiwa amekunjamana kana kwamba ametoka kwenye kikapu cha nguo chafu. Tutaonekanaje? Gauni lake tukalifua, tukalitia wanga, tukalipiga pasi mpaka mikunjo ya mikono ikawa mikali ya kukata karatasi. Mmoja akamsuka. Mwingine akamng'arishia viatu. Tukamsimamisha hapo penye mlango, tukamzunguka, tukajipongeza.

"Unapendeza kama siku unaanza kazi," Shangazi akamwambia.

"Naogopa ndilo tatizo," Upepo akasema. Tukadhani anatania.

Shangazi alimsindikiza mpaka ndani, na hivi ndivyo alivyosimulia. Mwenyekiti wa jopo alimtazama Upepo juu mpaka chini, akatabasamu. "Mama, mbona unang'aa?" Akamwambia inua mikono, akainua. Inama, akainama. Simama kwa mguu mmoja, akasimama, tena bila kuyumba, maana nguvu tulizomwekea akiba zote zilikuwa pale. Akaulizwa kazi anazimaliza? Msimamizi akajibu kwa uaminifu kwamba shuka zinazotoka kwenye meza yake hazijapungua hata siku moja. Na ni kweli hazikupungua, mikono yetu ndiyo iliyozikunja. Upepo alipotaja picha za ubongo, wakamjibu picha ya utafiti si kithibitisho cha ugonjwa wa mtu mmoja. Na hapo, Mama, hawakukosea. Hata wewe ulishamwambia hivyo hivyo.

Wakamwona mzima. Uamuzi ukawa kwamba arudi kwenye Mama Mkwe, zamu kamili, kwa kusimama, kuanzia Jumatatu ya wiki hii. Asipofika, au akishindwa, kazi hana.

Keshokutwa ya jopo, fundi redio akaja hapa mlangoni. Hatukuwahi kumsikia akipaza sauti. Ni mtu wa kusikiliza redio, si wa kutangaza. Siku hiyo alitangaza.

"Mmenifanyia nini? Mke wangu hawezi kugeuka kitandani! Na huko wameandika mzima!"

"Shemeji, tulitaka apendeze," Shangazi akasema.

"Apendeze? Mlimpamba kama bibi harusi mkampeleka akahukumiwe! Nani aliwaambia ugonjwa unapigwa pasi?"

Shangazi akamshika mkono, akamvuta ndani kwenye mvuke, wakalia wote wawili, mmoja ameegemea Mama Mkwe upande ambao hauchomi. Akiwa bado anapangusa uso, fundi redio akasikia ile mashine inavyokoroma, akainama, akauliza, "Hii bearingi yake mmeitia grisi lini?" Ndivyo alivyo shemeji yetu. Hata akiwa na hasira, hawezi kukipita kitu kinachoumwa.

TUNACHOOMBA

Mama Mkurugenzi, hatukuombi usome picha upya ili zikubaliane nasi. Zimesema zilichosema, na zitakaposema zaidi tutafurahi. Hatuombi pia jopo lifukuzwe. Lilitazama tulichokipeleka, nasi tulilipelekea gauni.

Tunaomba jopo limwone Upepo mara ya pili, na safari hii limwone mara mbili. Limwone siku ambayo ametoka kufanya kazi, halafu limfuate kwake siku zinazofuata, pale kitandani, bila kumwambia avae nini. Ugonjwa huu haukai ofisini kungoja kuitwa. Ukitaka kuuona, ufuate siku unapokuwepo nyumbani.

Tunaomba, uamuzi ukingojwa, arudishwe kwenye meza ya kushonea, pembeni mwa stoo ya nguo safi, penye mwanga wa dirisha na makelele hayafiki. Pale, siku za kushona, alikuwa akifanya kazi kidogo, akiacha kabla nguvu hazijamwishia, wala si baada. Mikanda ya magauni ilitoka pale. Hatuombi alipwe kwa kukaa bure. Tunaomba apewe kazi ambayo mwili wake unaweza kuimaliza bila kummaliza.

Tunaomba vile viti. Havina gharama kubwa, na kama vile vya zamani viko kwenye stoo fulani vikingoja mgeni aondoke, tafadhali viambiwe ameondoka.

Na kwa upande wetu tunatoa ahadi, tukiwa tumeshauriana wote: hatutavuta tena kimyakimya. Mwenzetu akilegea tutamsaidia kuvuta, na tutasema tumemsaidia, kwa sauti, na mbele ya Msimamizi. Ahadi hiyo imetuuma kuliko unavyodhani.

Aliyetulazimisha kuitoa ni Upepo mwenyewe. Jumatatu alifika, kama alivyoamriwa. Tulikuwa tumeshapanga nani atamshikia pembe, nani atalisha mashine badala yake. Akatutazama, akasema, "Leo msinivute. Asinivute mtu."

"Utaanguka, mwanangu," Shangazi akamwambia.

"Nitaanguka. Lakini nikianguka mikononi mwenu kila siku, nani atajua kwamba huwa naanguka?"

Akafanya zamu yake. Aliifanya yote, Mama, kwa kusimama, taa zikimchoma na mashine ikimgongea kichwani. Hatujawahi kuona kazi chungu kama ile ya kumtazama mtu unayempenda na mikono yako umeikunja. Saa ya kutoka ilipofika akachukua mkoba wake, akatuaga vizuri. Aliyekuwa hajui habari angesema, mbona mzima?

Leo ni Jumatano.

Watu wa itifaki walitaka yeye ndiye akukabidhi maua, kwa sababu ya uzuri wa umbo na sare. Tulikataa, na kama ulishangaa kupokea maua kutoka kwa Shangazi huku bega moja halinyanyuki, sababu ni hiyo. Upepo hayupo hapa. Yuko kwake, nyumba za wafanyakazi, nyuma ya ukuta huu, mlango uliopakwa rangi ya buluu. Hatujamsuka. Nguo aliyovaa ni ile ile aliyolalia tangu jana. Tumemwomba ruhusa, naye ameitoa kwa ishara ya kichwa, kwa kuwa kusema kulikuwa kumemshinda.

Umeuona ubongo wake, Mama, kuliko mtu yeyote aliye hapa. Yeye mwenyewe, siku kama ya leo, hujamwona.

Tunakuomba, kabla ya kukata utepe na kabla ya picha, uende. Mkiwa wawili inatosha. Nenda na mwenyekiti wa jopo, uliyekuja naye leo, hao wengine tutawapa chai. Msiende na kamera. Mkifika msibishe hodi kwa nguvu, fundi redio anawangoja na mlango ameuegesha. Pazia limefungwa, macho yatachukua muda kuzoea. Msimwulize mengi. Ukitaka kumshika mkono, mshike polepole na usimtikise. Akikuita kwa jina lisilo lako, itikia tu. Kaa naye kidogo. Kiti kipo.

Sisi tutangoja hapa hapa na utepe wetu. Mashine mpya haina haraka, haijajua bado kazi inayoingojea.

Mungu akupe macho ya kuona na miguu ya kukifuata ulichokiona. Aliyelala alale salama, aliyesimama apate pa kukaa, na kila anayelalia shuka zetu usiku wa leo aamke na nafuu.

Ni sisi wako,

Wafanyakazi wa Kitengo cha Ufuaji,
zamu ya asubuhi na zamu ya mchana, pamoja na mmoja aliye kitandani.